Saa ya Fedha Mkononi mwa Muadhini

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki kuombewa dua kwa hilo. Kuna waliozaliwa na mkono wa kusuka mikeka, kuna waliozaliwa na sauti. Mimi nimezaliwa na hasira, na imenifaa kuliko mkeka. Ndiyo iliyonivusha mto Rovuma kuingia Tanzania nikimvuta baba mkono wakati wa vita, na ndiyo iliyonirudisha. Mimi ni mwalimu, na watu hunambia, "Professora, hasira hasara." Haya. Na wao upole wao umewaletea faida gani?

Baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti wetu tangu mimi sijaota meno. Nyumba yetu na msikiti vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo mimi nimelelewa na adhana kama wenzangu walivyolelewa na jogoo. Tuliporudi kutoka ukimbizini tukaukuta msikiti hauna paa, na baba hana macho. Alikuwa na presha ya macho, dawa tukaikosa huko tulikokuwa, na ugonjwa ule haungoji mtu apange foleni. Siku ya kwanza ya kurudi aliniambia nimsimamishe kwenye kibla, akaadhini juu ya kifusi. Wanawake wa mtaa walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimewakasirikia waliokula mabati ya paa.

Akaendelea na kazi yake. Kipofu anaweza kuadhini, hakuna ubaya, mradi ajue wakati. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba alikuwa anauliza. Alfajiri ananiuliza mimi, adhuhuri anamuuliza anayepita, na mtu akipita anachomoa simu mfukoni, anamsomea. Sasa mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua, lakini simu zetu huku hazina nchi. Ukisimama uani unashika mtandao wa Msumbiji. Ukienda chooni unashika wa Tanzania, na simu yenyewe, bila kukuuliza, inaruka saa nzima mbele. Sisi tumezoea, tunatazama jua halafu tunatazama simu. Baba alikuwa hana jua la kutazama.

Mwezi wa Ramadhani, masika yamefunga mbingu, giza la mvua tangu adhuhuri, baba akamuuliza mtu barazani saa ngapi. Yule mtu akasoma simu, akasema saa kumi na moja na nusu kasoro kidogo. Huku kwetu jua huwahi kuzama, kwa hiyo huo ndio wakati wa magharibi. Baba akasimama akaadhini. Kijiji kizima kikafuturu. Tende zikaliwa, uji ukanywewa, watu wakaanza kupiga miayo ya kushiba, na mvua ikakatika, na jua hilo hapo, limekaa juu ya minazi linatutazama. Simu ya yule bwana ilikuwa Tanzania.

Watu wote wakalazimika kulipa ile funga. Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti ni baba yangu mdogo, tumbo moja na baba, na yeye hakucheka. Alikuja nyumbani baada ya tarawehe, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Kaka, hii ya kwanza watu wameimeza. Ya pili wataitema. Ikitokea tena, itabidi upumzike."

"Nipumzike nifanye nini?" baba akamuuliza.

Baba mdogo akaanza kulitafuta jibu. Mimi nilikuwa nalo, na nilimpa, na siwezi kuliandika hapa.

Usiku ule baba hakula daku. Asubuhi akanambia neno moja tu: "Nitafutie saa nitakayoisoma mwenyewe. Nimechoka kuuliza."

Nikaanza na ujinga. Sokoni Palma kuna saa za mkononi zinazosema, za betri, ukibonyeza zinakutajia wakati kwa Kireno. Nikanunua. Sauti ya mwanamke, imenyooka kama karani wa posto, ofisi ya serikali: "São duas horas e dez minutos." Baba akafurahi. Alichokuwa hajui, na mimi sikujua, ni kwamba ile saa kila ikifika saa kamili inawika jogoo. Alasiri ya siku ya pili, msikiti mzima uko kwenye sijida, kimya, paji la uso chini, ikawika. Kokorikoo! Halafu yule mwanamke akatangaza saa kwa Kireno. Nilisikia kicheko kikipita ukutani, kicheko cha watu wazima wanaojizuia, ambacho ni kibaya kuliko vyote. Wiki mbili baadaye chumvi ya hewa ikaila betri, nikashukuru. Lakini baba alirudi kwenye kuuliza, na kila alipouliza nilimwona akishusha uso.

Mwezi uliofuata serikali ikatuita walimu Pemba, mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa, kwa formação, mafunzo ya wiki mbili. Huko, mama mwenye nyumba niliyofikia akanambia habari ya mfua fedha mmoja wa kisiwa cha Ibo aliyehamia mtaa wa Paquitequete palepale Pemba. Alikuwa akifua bangili na pete kama babu zake, lakini tena alikuwa akitengeneza saa. Si kutengeneza zilizoharibika, la, kuziunda. Mashine anazitoa kwenye saa za zamani za kutia ufunguo ambazo wenyewe wamekufa, anaziosha kwa petroli gurudumu moja moja, anazitia springi, kisha nyumba ya saa, uso, mishale, kifuniko, vyote anavifanya kwa mkono wake. Saa isiyotaka betri, isiyotaka mtandao, isiyojua Tanzania wala Msumbiji. Nilivaa viatu nikaenda siku ileile.

Nilimkuta kwenye chumba kisichozidi jiko, masizi ya moshi yamemganda usoni, anapuliza mrija kwenye ulimi wa taa ya mafuta, moto unainama unalamba kipande cha fedha. Hakuniangalia. Nilisimama. Nikakohoa. Akasema, "Mwenye kikohozi aende hospitali." Nikajua tutaelewana.

Nikamwambia ninachotaka: saa ya mkononi, kubwa, isiyo na kioo, bali yenye kifuniko cha bawaba kinachofunguka kwa ukucha, ndani yake nukta zilizoinuka badala ya namba, ile ya juu, ya saa sita, iwe kubwa kuliko zote, na mishale minene ya kugusika.

"Mshale wa saa haushikwi," akasema. "Ukiushika unapinda, na mashine inasimama."

"Ndiyo maana nimesema minene."

Akaweka mrija chini. "Ni ya nani?"

Sasa nisimame hapa kidogo, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka katika swali hili. Kwetu kitu ambacho hakijafika hakitajwi. Mimba haitajwi, safari haitajwi, posa haitajwi mpaka mshenga amekunywa chai. Jicho la mtu ni kali. Na Paquitequete nusu yao ni ndugu zetu. Ukipiga chafya pale asubuhi, jioni Palma wanakuombea afya. Nikaona baba mdogo akiambiwa, "Kipofu wako anatengenezewa saa," na kamati ikikaa kuijadili kabla haijapata mishale. Basi nikasema kile ambacho mama yangu angesema, na bibi yangu angesema.

"Ni yangu mwenyewe."

"Na nukta za nini?"

"Usiku kwetu hatuna umeme. Na macho yangu hayaoni vizuri gizani."

Akanitazama. Ukutani kwake kulikuwa na kikaratasi kidogo cha dua, maandishi kama sisimizi, na mimi nilipoingia nilikuwa nimekisoma kwa sauti nikiwa mlangoni. Akakitupia jicho kile kikaratasi. Akanipima kifundo cha mkono kwa uzi, akaongeza upana wa vidole viwili nilivyomwomba, akaniambia nije baada ya siku kumi na moja.

Nilikwenda kila siku. Alikuwa akinichukia na mimi nilikuwa nikimchukia, na nilikaa kwenye kigoda chake nikamwangalia akifanya kazi kila nilipotoka darasani. Alifua bati la fedha mpaka likawa jembamba kama jani la muhogo. Alivuta uzi wa fedha kwenye bamba la matundu, tundu kubwa, tundu dogo, tundu dogo zaidi, akausokota akauzungusha kwenye ukingo wa kifuniko. Nukta aliziyeyusha moja moja kwa pumzi yake. Nilipomuuliza kwa nini asitumie chuma, maana chuma ni kigumu, alinijibu kana kwamba nimemtukana marehemu. "Chuma nenda kwa fundi baiskeli. Mwanamke kwangu havai chuma." Moyoni nilikuwa nafurahi. Nilimwona baba na fedha ya Ibo mkononi, na baba mdogo akimeza mate.

Siku ya kumi na moja saa ilikuwa tayari. Nilifumba macho nikaifungua kwa ukucha, nikapitisha kidole, nikasoma: saa tisa na nusu. Nikafumbua macho, saa tisa na nusu. Nikaitia ufunguo, kile kisauti cha magurudumu kikanipanda mkononi mpaka kifuani. Sikuwa nimeshika kitu kizuri namna ile tangu vita.

Alipokuwa akiifunga kwenye kitambaa akasema, polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha, "Mwalimu. Kama hii saa ni ya mwanamume, sema sasa hivi. Kwa dini yetu mwanamume ana pete yake ya fedha, basi. Bangili, mkufu, saa, hana. Nipe wiki moja niibadilishe nyumba niifanye ya chuma, nitajishusha."

Sikuwa nalijua hilo. Naapa. Mimi, binti wa muadhini, niliyehitimu msahafu kabla ya darasa la nne! Lakini baba alipokuwa akifundisha ukurasa ule wa fedha na dhahabu na hariri alikuwa akiwaita wavulana peke yao, sisi wasichana tukitumwa kuchota maji. Kila mtu na hukumu zake, walisema. Nimewakasirikia kwa hilo mpaka leo.

Lakini nilikuwa nimeshasema ni yangu. Na magari yanayosindikizwa na askari kwenda kaskazini yalikuwa yanaondoka alfajiri ya kesho yake, na ukiyakosa hujui ni lini tena. Na nilikuwa nimemwona yule mtu siku kumi na moja. Kumwambia sasa kwamba nilimdanganya tangu mlangoni, sikuweza. Kiburi changu kiliniziba mdomo.

"Ni yangu," nikasema.

"Basi ukimpa mwanamume, mimi simo."

Njia nzima, Macomia, Mocímboa, vizuizi vya askari, mikoba inafunguliwa inafungwa, ile saa niliifunga kifuani chini ya kapulana, kitenge nilichojifunga. Na hapo kati ya kizuizi na kizuizi ndipo nilipowaza jambo ambalo ninalijutia kuliko yote niliyowahi kuwaza. Niliwaza: fedha iliyong'arishwa na chuma cheupe ni kitu kimoja machoni, na kipofu atajuaje?

Nilimpa baba saa ile uani, mchana, alipokwisha kuoga. Aliishika. Akaipindua. Akaitafuta bawaba, kifuniko kikafunguka, kidole chake cha shahada kikaingia ndani kikatulia kwenye nukta kubwa, kikazunguka. "Saa tano," akasema. "Saa tano na dakika... kumi. Kumi na mbili." Nikatazama, kumi na mbili. Baba akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza, "Ni madini gani hii?"

"Chuma, baba. Chuma cheupe."

"Nyepesi kwa chuma."

"Ni chuma kizuri."

"Allah akubariki," akasema. "Umenirudishia kazi yangu."

Na kweli niliirudisha. Mwezi mzima hakuna mtu aliyemsikia baba akiuliza saa. Kila alasiri watu walimwona akifungua kifuniko, kidole kinaingia, anasimama, anaadhini, na wakati ni wakati. Simu ziliruka Tanzania na kurudi, yeye hajali. Siku moja baba mdogo alipita kwenye ukuta wetu akanambia, "Saa nzuri." Nilimjibu, "Ndiyo, na haitaki kamati." Akaenda zake.

Kila Alhamisi jioni, baba akiwa chooni anaoga, mimi nilikuwa jikoni naisugua ile saa kwa ndimu na majivu. Maana chuma hupata kutu, lakini fedha hufanya weusi, na hewa yetu ya bahari haina subira. Weusi ulijificha kwenye ule uzi uliosokotwa, nikautoa kwa ncha ya mwiba. Nilijiona mwerevu. Halafu ikafika wiki ya mitihani, nikaleta madaftari sitini nyumbani, nikapatwa na malaria juu yake, na Alhamisi ikapita.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, wamekaa barazani mwa msikiti, mimi niko kitandani upande wa pili wa ukuta na homa yangu. Nikasikia mtu akitania, "Sheikh, saa yako imefanya weusi kama bangili ya mke wangu." Watu wakacheka. Nikasikia sauti ya baba mdogo, chini, karibu sana na ukuta: "Kaka, isije ikawa ni fedha."

"Ni chuma," baba akasema.

"Hebu tuitazame vizuri, kaka."

"Nimesema ni chuma. Mwanangu kaninunulia kwa mkono wake, kanambia mwenyewe." Kisha akaapa. Baba, ambaye sijapata kumsikia akiapa hata kwa mzaha, ndani ya baraza la msikiti, siku ya Ijumaa, akasema, "Wallahi ni chuma."

Nilitaka kusimama. Homa ikanilaza tena.

Kisha nikamsikia baba akisema, "Nileteeni ndimu." Wakaleta. Nikasikia akiisugua, ule mkwaruzo mdogo, kwa muda mrefu. "Imekuwaje?" akauliza. "Nimeuliza, imekuwaje?"

"Imekuwa nyeupe, kaka."

Basi baba akagonga ukuta. Mara mbili, kama alivyokuwa akigonga zamani kuniamsha nikiwa mtoto. "Mwanangu. Hii ni nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema fundi alinidanganya, nililifikiria, sitaficha. Lakini homa ilikuwa imenilainisha, au sijui nini. Nikasema kupitia ukuta, na watu wote wakasikia, "Ni fedha, baba."

Alasiri ya siku ile aliadhini baba mdogo. Ana sauti ya mbuzi aliyefungwa. Baba alikuwa amekaa kitandani kwake, saa ameiweka juu ya mkeka mbali naye. Akafunga siku tatu mfululizo, kafara ya kiapo, kwa tahadhari, akasema, ingawa aliapa bila kujua. Hakunigombeza. Niliomba msamaha nikiwa nimeshika miguu yake, akasema, "Nimekusamehe, inuka, una homa." Na hakurudi kuadhini.

Wiki iliyofuata wakafunga spika juu ya paa jipya, wakaiunganisha na simu, adhana ikawa inatoka kwenye simu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kula muhogo wetu. Na hapo hasira yangu ikapata pa kukaa. Baba mdogo! Yeye ndiye aliyesema "isije ikawa ni fedha" mbele ya watu, badala ya kumvuta kaka yake pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa akiitaka nafasi ile ibaki wazi tangu Ramadhani. Nilimwambia kwenye arusi ya binti yake, mbele ya wakwe. Nilimwambia sokoni. Nilimwita mwizi wa adhana. Siku moja simu yao iliruka ikashika Tanzania na spika ikaadhini alasiri saa nzima kabla ya wakati. Nilitoka nje nikapiga makofi na vigelegele mpaka majirani wakanishika. Yeye hakunijibu hata siku moja. Alikuwa akiinamisha kichwa na kupita, na mimi nilisema ndiyo, mwenye hatia huinama.

Likizo ilipofika nikarudi Pemba. Nilimwekea mfua fedha saa yake mbele, nikamwambia kila kitu, tangu mlangoni. Alisikiliza huku akifua. Nilipomaliza akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe yako umeirefusha mpaka Palma." Akaitoa mashine, nukta na mishale akazifanya upya kwa shaba, nyumba akaiunda kwa chuma cha kijiko kikubwa cha hospitali, akilalamika kila alipopiga nyundo. Haikuwa nzuri. Ilikuwa nzito na ya kijivu, na halali.

Siku niliyofika sikuingia nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo, alikuwa barazani anamenya mihogo na mkewe. Nikamtupia saa mapajani. "Chuma! Isugue kwa ndimu, isugue kwa tindikali ukitaka. Haya, sasa kamati inasemaje? Mrudishie baba adhana yake!"

Mkewe akainuka anitoe. Baba mdogo akamzuia kwa mkono. Akaichukua saa, akaifungua, akaitazama sana. Kisha akasema, "Mwanangu, hakuna aliyemwondoa. Nimekwenda kumwomba arudi mara tatu. Mara ya tatu nilipiga magoti, mimi na umri huu. Hataki."

"Muongo wewe!"

"Kamuulize."

"Na mbona hukunambia? Miezi yote hii nakutukana sokoni, kwa wakwe zako, mbona hukufungua mdomo?"

"Alinikataza," akasema. "Alisema, 'Mwache akutukane. Asipokutukana wewe, atajila mwenyewe.'"

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Baba alikuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, anasokota kamba ya katani kwa kupapasa. Nikakaa mbele yake, nikaweka saa kwenye kiganja changu, nikasema, "Baba, hii ni chuma. Rudi."

"Nimesikia kelele zako tangu kwa mdogo wangu," akasema. "Umeshajua basi."

"Dhambi ni yangu! Wewe uliapa kwa neno langu!"

"Ndiyo, dhambi ni yako, na nimekusamehe siku ileile, hata alasiri haijaingia." Aliendelea kusokota. "Lakini watu hufungua vinywa vyao kwa neno la muadhini. Hawatazami jua, wananisikiliza mimi. Na mimi nimesimama mbele yao nikamwapia Mungu jambo nisilolijua, kwa sababu nilikuwa na hakika nalo. Sasa nitawaambia nini? Nina hakika?"

Nilimjibu mengi. Nilimwambia saa hii ataisoma kwa kidole chake, hatanihitaji mimi wala mtu. Nilimwambia kijiji kizima kinamtaka. Nilipandisha sauti, nikapiga mkeka kwa ngumi, nikamlaani mfua fedha na simu na vita na mimi mwenyewe. Baba alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri mvua.

Kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?"

Nikafungua kifuniko. "Saa nane na dakika ishirini, baba."

Akaacha kamba. Akanyoosha mkono, akanitafuta kiganja, kidole chake kikaingia kwenye saa, kikagusa nukta kubwa, kikazunguka taratibu, mshale mfupi, mshale mrefu.

"Kweli," akasema, akaniachia saa kiganjani, akarudi kwenye kamba yake.